SAUTI YA KLACHI NA GIABOKSI: TUSIKILIZE KABLA YA KUANDIKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Biharamulo. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wenzetu wa Ngara ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nilipoombwa nichague jambo la kusema, nilijua kwamba wengi wangependa habari za mishahara na za nyumba za kukaa. Lakini mambo hayo yana wasemaji hodari kuliko mimi. Nimechagua kusema juu ya sauti ya kusaga itokayo katika klachi na giaboksi ya motokaa. Yamkini baadhi yenu mtasema kwamba hiyo ni kazi ya mafundi na madereva, wala si ya makarani. Naomba mnivumilie, maana nataka kuonyesha kwamba kalamu ya karani yaweza kuharibu kuliko mguu wa dereva.

Njia zetu twazijua sote. Barabara kubwa itokayo Dar es Salaam hufika Nyakanazi, hupita Lusahunga, na huendelea mpaka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, ambako mizigo huvuka kuingia Rwanda. Nayo njia ya Kabanga huenda mpakani mwa Burundi. Ngara ni nchi ya vilima. Gari hupanda kwa gia ya pili na kushuka kwa gia ya pili, na dereva hubadili gia katika asubuhi moja mara nyingi kuliko mwenzake wa nchi tambarare katika siku nzima. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hupenya kila mahali palipo na mpira uliopasuka. Wakati wa masika magari hukwama katika njia za vijijini, na klachi hutumikishwa kazi isiyokuwa yake. Basi si ajabu kwamba sauti hii husikika sana kwetu.

Sasa nitawasimulia jambo lililotokea katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Gari la ofisi lilirudi kutoka safarini likilia kama jiwe la kusagia. Dereva, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, alimwambia karani wa usafiri, “Bwana, inalia nikikanyaga klachi tu, nikiachia inanyamaza.” Karani alikuwa na haraka ya kufunga hesabu za mwezi. Akaandika katika daftari, “Giaboksi inasaga. Dereva abadili gia kwa uangalifu.” Maneno hayo yakapanda juu mpaka kwa mkubwa, na kwa mkubwa yakageuka kuwa uzembe. Dereva akapewa barua ya onyo. Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa, na meno yote yakaonekana mazima na oili yake safi. Kilichokufa kilikuwa beringi moja ndogo ya klachi. Gari lilikaa bila kazi siku kumi na nne, na fedha zilizotumika kufungua giaboksi zilitumika bure.

Mabibi na mabwana, karani yule ni mimi ninayesema nanyi.

Laiti ningalijua maana ya maneno ya dereva, ningaliona kwamba alikuwa amekwisha kuutaja ugonjwa. Kwa hiyo nilikwenda kwa mafundi nikajifunza, na haya niliyojifunza ndiyo nataka kuwapa.

Maadam injini inawaka, gurudumu lake zito la nyuma huzunguka. Klachi ni kama mlango kati ya injini na giaboksi. Sahani ya klachi hubanwa juu ya gurudumu hilo kwa springi kali, nguvu ikapita. Dereva akikanyaga pedali, uma wa chuma husukuma beringi ambayo mafundi huiita rilizi; nayo hulegeza springi, sahani ikaachiliwa, na nguvu ikakatika. Hapa ndipo ilipo siri yote. Mguu ukiwa juu na gia ikiwa fri, shafti ya mbele ya giaboksi huzunguka pamoja na injini, bali rilizi haibebi mzigo. Mguu ukiwa chini, rilizi hubeba mzigo, bali shafti ya mbele husimama. Basi ukijua sauti huja saa gani, umekwisha kujua nusu ya mahali itokapo.

Kwa hiyo simamisha gari mahali pa wazi palipo sawa, funga breki ya mkono, weka gia fri, washa injini, nawe usikilize.

Kwanza, ikiwa sauti ipo mguu ukiwa juu, na hunyamaza ukikanyaga klachi mpaka chini, shaka na giaboksi yenyewe: aghalabu ni beringi ya shafti ya mbele, au oili imepungua. Anza na oili, kwa kuwa ni rahisi. Zima injini, ufungue parafujo ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi. Katika magari mengi oili yapasa kufika ukingoni mwa tundu hilo. Tumia oili iliyotajwa na kitabu cha gari lako, wala si iliyobaki dukani.

Pili, ikiwa kimya hupo mguu ukiwa juu, na sauti huanza ukikanyaga, shaka na rilizi. Huu ndio uliokuwa ugonjwa wa gari letu. Dereva mwenye desturi ya kupumzisha mguu juu ya pedali, au ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, huiua rilizi na sahani pamoja.

Tatu, ikiwa gia zote hukwaruza wakati wa kuingia, hasa ya kurudi nyuma, huenda klachi haiachii sawasawa. Kanyaga mpaka chini, ngoja kadiri ya kuhesabu mpaka tano, kisha utie gia ya nyuma polepole. Ikiwa bado yakwaruza, shafti haikusimama kama ipasavyo. Tazama kama waya umelegea, au kama oili ya klachi imevuja, au kama hewa imeingia katika bomba lake. Mambo hayo huweza kutengenezwa bila kuigusa giaboksi.

Nne, ikiwa gia moja tu hukwaruza, tuseme ya pili, na nyingine huingia vizuri, klachi haina kosa. Ndani ya giaboksi zimo pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Pete ya gia hiyo imelika. Pete hizo si za zamani sana: kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye giaboksi ya namna hiyo mwaka 1928. Madereva wa malori ya zamani hawakuwa nazo. Waliposhuka gia walikanyaga klachi, wakaweka fri, wakaachia, wakaongeza moto kidogo, kisha wakakanyaga tena na kutia gia. Ufundi huo waweza kukufikisha nyumbani hata leo pete ikiwa imelika. Lakini si tiba.

Tano, ikiwa gari husaga likiwa mwendoni katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya nne hutulia, shaka na beringi za shafti ya chini. Katika giaboksi nyingi za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupeleka nguvu moja kwa moja, na shafti ya chini hupumzika na mzigo. Ikiwa sauti ipo katika gia zote, nayo hufuata mwendo wa magurudumu wala si wa injini, usifungue giaboksi kabla ya kutazama difu, propela na beringi za magurudumu.

Oili nayo hutoa ushahidi. Ikimwagwa, itie katika chombo safi, upitishe sumaku. Vumbi jororo la chuma ni uchakavu wa kawaida; vipande vinavyoshika sumaku ni meno au beringi; chembe za rangi ya dhahabu zisizoshika sumaku ni shaba ya zile pete. Na yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Gari hutengenezeka; mtu aliyepondwa hatengenezeki.

Ndugu zangu, sikusema haya ili tuwe mafundi. Nimeyasema kwa sababu sisi ndio tunaoandika. Fundi aliye mbali husoma tulichoandika kabla ya kulisikia gari, na mkubwa hukisoma kabla ya kumsikia dereva. Kwa hiyo natoa shauri mbele ya mkutano huu: kila mwanachama anayetunza daftari la magari aongeze maswali manne. Sauti huja mguu ukiwa juu au chini? Gari likiwa limesimama au likienda? Katika gia ipi? Dereva mwenyewe asemaje? Na jibu la swali la nne liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, wala lisigeuzwe.

Mwataka kujua habari za dereva yule. Barua ya onyo ilikuwa imekwisha kuingia katika jalada lake wakati majina ya kupandishwa cheo yalipokuwa yakitazamwa, na jina lake likapitwa. Giaboksi ilipofunguliwa niliandika barua ya kukiri kosa langu, nayo ikawekwa katika jalada lile lile juu ya ile ya kwanza. Lakini nafasi za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kujazwa. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, “Nilikuambia, Bwana.” Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo dereva akija dirishani kwangu, huweka kalamu chini kwanza.