KARTE YA MANJANO NA KIPIMO KIZIMA
Fundisho kwa mama wenye kupita mupaka pamoja na watoto

Siku zingine tunasema juu ya chakula, ao juu ya kuhara, ao juu ya malaria. Leo tutasema juu ya chanjo na safari. Mama wengi wa kwetu wanapita mupaka. Mumoja anaenda kuuza bitenge, mwingine anafuata bwana yake kwenye kazi, mwingine anapeleka mutoto kwa nkambo yake. Kule mupakani wanauliza karte ya chanjo. Na hapo kuna ulizo moja lenye kusumbua mama wengi: «Mimi nilipata sindano, na karte yangu ni hii. Sababu gani wanaikataa?»

Tushike kwanza neno moja, maana fundisho lote linasimama juu yake. Sindano na karte ni vitu viwili. Sindano inalinda mwili wako. Karte inashuhudia kwa watu wasiokujua namna ulivyolindwa. Inaweza kuwa mwili wako umelindwa muzuri, lakini karte yako haitoshi kwa safari. Mama asiyejua neno hili, wakimurudisha mupakani, atasema: «Basi, walinidanganya, walinipiga maji.» Atarudi nyumbani na hasira, na mutoto anayefuata hatamuleta tena kwa chanjo. Hasara hiyo inapita hasara ya safari.

1. Homa ya manjano ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa unaoletwa na mbu. Mbu huyu anauma hata muchana, na anazaa katika maji yenye kusimama: katika pipa, katika mikebe, katika mipira ya zamani ya gari. Mugonjwa anapata homa kali, kichwa na mugongo vinamuuma, anatapika. Wengine wanapona. Wengine macho yanageuka manjano, damu inatoka, na wanakufa. Hakuna dawa ya kuua ugonjwa huu ukisha kuingia. Tunasaidia mugonjwa tu, tukingoja mwili wake upigane. Lakini chanjo iko, nayo ni ya nguvu sana: sindano moja ya kipimo kizima inalinda mutu maisha yake yote.

Inchi yetu ya Kongo ni moja ya inchi zenye ugonjwa huu. Ndiyo sababu wageni wanatuuliza karte. Si kwa kutuzarau. Katika mwaka wa 2016, watu 11 waliotoka Angola walifika China na ugonjwa huu katika damu yao. Kule mbu wa namna ile wako, lakini ugonjwa haukujulikana. Kama mbu wangeuma wagonjwa wale na kuuma watu wengine, ungeenea kati ya watu wengi sana wasio na chanjo.

2. Mambo yaliyofanyika Kinshasa katika mwaka wa 2016

Ugonjwa ulianza Luanda, katika Angola, mwezi wa 12 mwaka wa 2015. Wasafiri wakauleta mpaka Kongo. Wakubwa wa afya wakaogopa Kinshasa, maana ni muji mukubwa sana, na watu wengi hawakuwa na chanjo. Akiba ya chanjo iliyowekwa kwa ajili ya dunia yote ilikuwa vipimo milioni 6 tu, na kutengeneza chanjo mupya kunaomba karibu mwaka muzima.

Sasa wangefanya nini? Wewe mama unajua namna hii. Wageni wakifika wengi na chakula ni kidogo, unagawanya ili kila mutu apate. Waganga walikuwa wamekwisha kuchunguza na kuona kama hata sehemu moja kati ya tano ya kipimo inaamusha askari wa mwili. Basi, kuanza tarehe 17 mwezi wa 8 mwaka wa 2016, katika Kinshasa walipiga watu sehemu moja kati ya tano. Zaidi ya watu milioni 7 walichanjwa. Lakini watoto wa miezi 9 mpaka chini ya miaka 2, na mama wenye mimba, walipewa kipimo kizima.

Je, kipimo kile kidogo kilikuwa maji? Hapana. Waganga walipima damu ya watu wa Kinshasa mwezi mumoja kisha sindano, wakaona katika watu 100, watu 98 walikuwa na askari wa kupigana na ugonjwa. Mwezi wa 2 mwaka wa 2017, serikali ilitangaza kama ugonjwa ule umekwisha. Kwa hiyo, kama wewe ao ndugu yako mulikuwa Kinshasa wakati ule, musijute sindano ile. Iliokoa muji.

3. Sheria ya safari inasema nini?

Hapa ndipo matata yanapoanza. Sheria ya afya ya inchi zote inaomba kipimo kizima kwa karte ya safari, ile tunayoita karte ya manjano. Kipimo cha sehemu moja kati ya tano hakikubaliwi. Si kwa sababu hakina kazi. Ni kwa sababu waganga wanajua kipimo kizima kinalinda maisha yote, lakini kwa kipimo kidogo hawajui bado kama kinalinda miaka mingi sawasawa. Basi, mwenye kupata kipimo kidogo, na anataka kutoka inchi, anapashwa kuomba kipimo kizima na karte ya kweli.

Shika tena hesabu hizi:

Siku 10. Karte inaanza kuwa na nguvu siku 10 kisha sindano. Ukichanjwa leo, na kesho uko mupakani, karte yako haijakuwa bado. Mwili unaomba muda wa kutengeneza askari wake.

Maisha yote. Zamani karte ilikuwa ya miaka 10. Tangu tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka wa 2016, karte ya kipimo kizima ni ya maisha yote, hata ile iliyoandikwa mbele ya tarehe hiyo. Usitupe karte yako ya zamani.

Siku 6. Mutu akitoka inchi yenye ugonjwa bila karte ya kweli, wanaweza kumurudisha, ao kumutenga katika karantini. Karantini hiyo haipite siku 6, maana mutu akiumwa na mbu mwenye ugonjwa, homa inaonekana kati ya siku 3 na siku 6. Fikiri, mama: siku 6 mahali pa wageni, na mutoto mugongoni, na feza ya biashara inaliwa. Ni vema kuuliza mbele.

Kila inchi ina desturi yake. Ingine inauliza watu wote. Ingine inauliza tu wenye kutoka inchi za ugonjwa. Ingine inahesabia watoto tangu miezi 9, ingine tangu mwaka 1.

4. Na mutoto je?

Mutoto anapata chanjo ya homa ya manjano akitimiza miezi 9, siku moja na chanjo ya surua. Mama wengine wanaogopa wakiona sindano mbili siku moja. Usiogope. Chanjo hizo mbili hazipigane, na mwili wa mutoto unaziweza. Chini ya miezi 6 mutoto hapewi kabisa chanjo ya homa ya manjano. Kati ya miezi 6 na 9 anapewa tu kama ugonjwa umeingia na munganga ameona inafaa.

Karte ya mutoto ya hapa kliniki, ile tunayoandika kilo zake, ni ya lazima sana, lakini si karte ya safari. Peleka karte hiyo mahali serikali imeweka kwa kuchanja wasafiri, uwaulize. Tena, karte ya mama haifuniki mutoto. Sheria inasema kila mutu na karte yake, hata mutoto mudogo. Kwa sababu mutoto hajui kuandika, muzazi wake anatia sahihi.

Kama uko na mimba, ao unanyonyesha mutoto mudogo, ao mutu wa nyumba yako ana ugonjwa unaozuia chanjo hii, sema wazi kwa munganga mbele ya sindano. Akiona chanjo haifai, anaweza kuandika barua kwa Kifransa ao kwa Kiingereza yenye kueleza sababu. Watumishi wa mupaka wanapashwa kufikiri juu ya barua hiyo.

5. Matata ya namna ile ile wakati wa Covid

Musifikiri ni homa ya manjano peke yake. Katika Kongo, chanjo ya Covid ilianza mwezi wa 4 mwaka wa 2021 na chanjo ya AstraZeneca. Nyuma, zingine za namna mbalimbali zikafika. Katika inchi nyingi watu walipata sindano ya kwanza ya namna moja, na ya pili ya namna ingine. Waganga waliona kuchanganya vile kunaweza kulinda mwili muzuri. Lakini inchi zingine hazikuhesabu sindano mbili zisizofanana. Marekani ilianza kuzikubali kwa wasafiri wa ndege tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 2021, na sheria ile ya kuomba chanjo ya Covid iliondolewa mwezi wa 5 mwaka wa 2023. Unaona? Sindano haikugeuka. Ni sheria iliyogeuka. Kwa hiyo usisafiri na habari ya mwaka uliopita. Uliza mupya kila safari.

6. Mambo ya kufanya mbele ya safari

Anza mapema, mwezi mumoja mbele. Usingoje siku ya gari.

Uliza munganga bila haya: «Dawa hii ni ya namna gani? Ni kipimo kizima? Karte hii inakubaliwa kwa safari?» Ni haki yako.

Angalia karte mbele ya kutoka: jina sawa na lile la paspoti, tarehe, sahihi ya munganga, muhuri, na sahihi yako. Muhuri peke yake hautoshi bila sahihi ya munganga. Pahali palipofutwa ao pasipojazwa panaweza kuharibu karte yote.

Usinunue karte bila sindano. Wako watu wenye kuziuza. Karte ile inaweza kudanganya askari wa mupaka, lakini haidanganye mbu. Ukinunulia mutoto kartasi, umemupeleka safari bila kitu cha kumulinda.

Weka karte zote pamoja katika mufuko wa plastiki, mbali na maji na panya.

Na kama wanaikataa karte yako mupakani, usigombane, wala usiseme chanjo ni uongo. Uliza: «Ni nini kinakosekana?» Kisha rudi kwetu na neno lile, tutakuonyesha njia.

Maulizo ya kujibu pamoja na wenzako

1. Sababu gani kipimo kidogo cha Kinshasa kililinda watu lakini hakitoshi kwa karte ya safari?
2. Karte inapata nguvu siku ngapi kisha sindano?
3. Mutoto wako wa mwaka 1 anaweza kupita na karte yako?
4. Jirani anasema: «Walimukatalia karte mupakani, basi chanjo ni maji.» Utamujibu nini?