Uliza Maana Kabla ya Kusema Amina

Nawasalimu ninyi mliovuka mipaka kuja kwenye sherehe hii, na wewe pia unayesoma ukiwa nyumbani, uwe Kigoma, Bujumbura, Goma, Kampala au Nairobi.

Somo nililopewa ni hili: Wamormoni wanaamini nini, na tunatofautiana nao wapi? Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi wenu mmekutana nao. Vijana wawili, shati jeupe, kibao cha jina kifuani, wanapiga hodi kwa adabu. Wanakuachia Kitabu cha Mormoni, na kwa Kiswahili kipo. Kinshasa wana hekalu tangu 2019, na Nairobi nako wanalo sasa. Kwa hiyo tunazungumza habari za majirani zetu.

Na kwa kuwa ni majirani, tuanze na amri ya tisa: usimshuhudie jirani yako uongo. Usiseme Wamormoni wanamwabudu shetani, maana hawamwabudu. Usiseme kanisa lao linaruhusu wake wengi. Walikuwa nao zamani, lakini mwaka 1890 walitangaza kuacha, na leo Mmormoni akioa mke wa pili anatengwa. Pombe hawanywi, sigara hawavuti, hata chai ya majani na kahawa hawagusi. Hapo wengi wetu tungeshindwa asubuhi ya kwanza! Wanafunga mara moja kwa mwezi, na thamani ya chakula walichoacha wanaitoa kwa wahitaji. Jema tuliite jema.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye maneno. Wanasema Mungu, Yesu, wokovu, neema, ubatizo. Unasikia maneno ya nyumbani kwenu, unaitikia amina. Lakini hebu uliza kwanza: ndugu yangu, neno hilo kwako lina maana gani?

Turudi mwanzo wao. Joseph Smith, kijana wa jimbo la New York huko Marekani, alisema kwamba mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliwaona Baba na Mwana, akaambiwa asijiunge na kanisa lolote. Mwaka 1830 alichapisha Kitabu cha Mormoni, na tarehe 6 Aprili mwaka huo huo akaanzisha kanisa. Fundisho lake la msingi ni kwamba baada ya mitume kufa, mamlaka ya Mungu yaliondoka duniani, mpaka yaliporudishwa kwake. Ukilishika hilo, mengine utayaelewa. Wao hawajioni kuwa dhehebu moja kati ya mengi. Wanajiona ndio kanisa lililorejeshwa, ndiyo maana ukijiunga nao watakubatiza upya hata kama ulizamishwa Ziwa Tanganyika mbele ya kusanyiko zima. Sisi tunasoma Mathayo 16:18, Bwana akiahidi kwamba malango ya kuzimu hayatalishinda kanisa lake. Limepita kwenye giza na aibu nyingi, ndiyo. Kwamba lilipotea kabisa kwa zaidi ya miaka 1,600, hapana.

Neno la kwanza la kuuliza ni Mungu. Wanafundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu waliotengana, wenye umoja wa nia tu. Mwaka 1844, miezi michache kabla ya kuuawa, Joseph Smith alihubiri kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama sisi tulivyo, na kwamba mwanadamu naye anaweza kufika alipo Mungu. Isaya 43:10 inasema kabla yake hakuna Mungu aliyeumbwa, wala baada yake hatakuwapo. Yohana 4:24 inasema Mungu ni Roho. Kwetu, umbali kati ya Muumba na kiumbe hauishi. Tutafanana na Kristo kwa utakatifu, lakini hatutakuwa miungu.

Neno la pili ni Yesu. Wanampenda, wanamwita Mwokozi, wanakiri alikufa na kufufuka. Lakini wanafundisha kwamba kabla ya dunia sisi sote tuliishi kama roho, watoto wa Baba wa mbinguni, na Yesu ndiye mzaliwa wa kwanza kati ya roho hizo. Yaani ni kaka yetu mkubwa kwa asili. Yohana 1 na Wakolosai 1:16 zinamweka upande mwingine kabisa: vyote viliumbwa kwa yeye. Anatuita ndugu kwa sababu alishuka akatwaa mwili wetu.

Mnaona uzito wake? Mwaka 2001 Kanisa Katoliki lilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni haukubaliki, ingawa maji yapo na wanataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa nini? Kwa sababu majina ni yale yale, lakini anayetajwa anaeleweka tofauti.

Neno la tatu ni wokovu. Wanasema watu wote watafufuliwa kwa sababu ya Kristo, na karibu wote watapata moja ya daraja tatu za utukufu. Ila utukufu wa juu kabisa, wa kuishi na Baba, unahitaji utii pamoja na ibada za hekaluni, ikiwamo ndoa ya milele. Sisi tunashikilia Waefeso 2:8-9. Yule mnyang'anyi msalabani hakuwa na hekalu wala ndoa ya milele, na siku ile ile aliingia peponi na Bwana.

Neno la nne ni ufunuo. Pamoja na Biblia wana Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu, na rais wao wanamwita nabii. Hapa, wapendwa, tuseme ukweli. Sisi Wapentekoste pia tunaamini unabii. Tofauti ni kwamba unabii kwetu unapimwa na Maandiko, hauongezwi juu yake. Je, tunaupima? Kama kwenu neno la nabii wa redioni lina nguvu kuliko Wagalatia, usimcheke Mmormoni. Wagalatia 1:8 imeandikwa kwa ajili ya malaika, kwa ajili ya Joseph Smith, na kwa ajili ya mhubiri wako pia.

Nimebakiza jambo zito kuliko yote: wafu wetu. Wamormoni hubatizwa kwa niaba ya waliokufa, na wanafundisha kwamba roho ya marehemu inaweza kukubali au kukataa. Wanaahidi familia iliyounganishwa milele. Usidharau ahadi hiyo. Wako kati yetu waliozika baba ambaye hakuokoka. Wako waliokimbia vita bila kuzika kabisa. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba bado kuna kitu anaweza kumfanyia mama yake, moyo unaruka. Tukimjibu kwa ukali, tumempoteza.

Mjibu hivi. Katika 1 Wakorintho 15:29 Paulo anawataja watu wanaofanya hivyo, lakini hasemi sisi, wala haagizi popote. Waebrania 9:27 inaweka hukumu baada ya kifo. Hatuna ibada ya kubadilisha hilo, na tusimdanganye mtu kwamba tunayo. Lakini Mwanzo 18:25 inatuambia Mwamuzi wa dunia yote hutenda haki. Hatukuwepo katika pumzi ya mwisho ya wazazi wetu; yeye alikuwepo. Basi kaa na aliyefiwa, lia naye, mletee uji. Watu hawahami kanisa kwa hoja tu. Wengine huhama kwa sababu wageni wawili walikuja kuwatembelea mara nne, na mchungaji hakuja hata mara moja.

Wakipiga hodi kwako, wakaribishe wakae. Wape maji, maana chai hawatakunywa. Sikiliza. Kisha uliza kwa upole: Mungu Baba amekuwa Mungu siku zote? Yesu ni Muumba wangu, au kaka yangu wa asili? Kazi ya msalaba inatosha kunifikisha kwa Baba? Wasome nawe, mlinganishe Maandiko. Ukishindwa kujibu, sema utauliza, kisha kweli uulize.

Na nyumbani, mfundishe mwanao maana ya amina yake kabla mtu mwingine hajamfundisha.

Mungu awabariki, awarudishe salama mipakani. Amina.