Barabara ya Kisii hata Keroka



Barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Sotik hupita Keumbu, kisha huingia Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, pande hizi mbili zimeshindania ushuru wa Keroka. Lakini mama auzaye ndizi kando ya lami ana shida iliyo kubwa zaidi: nchi hii ni ya milima, na gari likikatika breki hana pa kukimbilia. Basi ushuru na utwaliwe na astahiliye. Kwanza wauzaji wapewe mahali mbali na njia. Nasi wanunuzi tusisimamishe gari barabarani. Tushuke, tuwafuate huko huko sokoni.