Miswada ya Kale Mbele ya Wanafunzi



Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhiwa miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu ambayo J. W. T. Allen aliitolea fahirisi iliyopigwa chapa mjini Leiden mwaka 1970. Na tangu hapo wanazuoni wa mbali na wa karibu wameifuata, ilhali kijana anayesomea shahada ya Kiswahili katika vyuo vyetu aweza kumaliza miaka yake yote asitie machoni hata waraka mmoja ulioandikwa kwa mkono wa mtu wa pwani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba hazina ya namna hii ni haki ya darasa kabla ya kuwa haki ya mtafiti, kwa kuwa ndani yake mna elimu ambayo kitabu kilichopigwa chapa hakina njia ya kuitoa.

Chukueni utenzi wowote wa kale ulioandikwa kwa khati ya Kiarabu. Khati ile ilizaliwa na lugha yenye irabu tatu, nasi tunazo tano. Kwa hiyo aghalabu alama moja husimama mahali pa i na pa e, nyingine mahali pa u na pa o, na herufi ba huweza kubeba sauti ya b, ya p, au ya mb, pasina dalili ya kumwonya msomaji. Mwanafunzi aliyelelewa na herufi za Kirumi hudhani kuwa maneno yamemfikia kama yalivyotoka kinywani mwa mshairi, wala hajui kuwa mhariri fulani aliketi akaamua. Lakini akiwekewa waraka wenyewe, yeye na mwenziwe, huyu akatamka hivi na yule vile, hawana budi wote wawili kutafuta ushahidi katika mizani minane ya kipande, katika vina, katika lahaja ya Lamu au ya Mvita, na katika maana ya beti zilizotangulia. Hapo ndipo sarufi, arudhi na historia, ambazo ratiba zetu zimezitenga kila moja na saa yake, hukutana juu ya mshororo mmoja.

Naye mwandishi wa nakala astahili kujulikana. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na bingwa wa khati, akawanakilia wanazuoni wa Ulaya, miongoni mwao William Hichens na Ernst Dammann, tenzi ambazo nakala zake leo zimo London na Ujerumani. Utendi ambao Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kumwachia bintiye wasia, ukinakiliwa miongo mingi baadaye kwa ajili ya mgeni aliyeuagiza, hugeuka kuwa kitu kingine hata kama kila herufi imelingana, na kijana asipoliona hilo atausoma kana kwamba ni sauti ya mama isiyopita mkononi mwa mtu.

Kisa cha Muyaka bin Haji chanivutia zaidi. Mashairi yake yalikusanywa Mombasa miongo kadhaa baada ya mauti yake, kwa bidii ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, Hichens akayachapisha Johannesburg mwaka 1940, kisha Mohamed Abdulaziz akazirudia karatasi za Taylor zilizoko London, akatoa kitabu chake mwaka 1979. Darasa likitandaziwa picha za karatasi hizo pamoja na vitabu vyote viwili, mwalimu hahitaji kusema mengi: tofauti zitajitokeza, na vijana watauliza wenyewe nani kaongeza, nani kapunguza, na kwa sababu gani.

Wahifadhi hunena, tena kwa haki, kwamba karatasi zilizonusurika na unyevu na wadudu wa pwani zisije zikafishwa na vidole vya wanafunzi. Basi waingie wachache wachache, mikono imeoshwa na kukauka, kalamu ya risasi pekee mezani, kitabu kikilazwa juu ya mto ili mgongo wake usivunjike, na mkutubi akiwepo kama mwalimu mwenza, si kama mlinzi. Picha za intaneti ni neema kubwa, lakini haziwezi kumwachia mtu ashike uzito wa karatasi, wala ainue ukurasa kwenye nuru atafute chapa ya kiwanda iliyojificha ndani yake.

Naomba, kwa hiyo, khati ya Kiarabu ifundishwe tangu mwaka wa kwanza kwa kila asomaye fasihi ya Kiswahili. Wazee wajuao kughani tenzi waalikwe wasikie usomaji wa vijana na kuurekebisha. Na mtihani wa mwisho uwe na ukurasa mmoja wa mswada usiopata kupigwa chapa, ambao hata mwalimu aliyeuteua bado anabishana na wenzake jinsi ya kuusoma.