Zahanati na Hospitali Kuu: Jinsi Fedha za Afya Zigawanywavyo

Wasikilizaji, hakuna Serikali yenye fedha za kutosheleza kila haja. Kwa hiyo kuzigawa fedha za afya si kazi ya mahesabu tu, bali ni jambo la uhai wa watu.

Nchini Kenya huduma za afya za umma zina ngazi 6. Ya 1 ni ya vijijini, ambako wahudumu wa afya hupita nyumba kwa nyumba. Ya 2 ni zahanati. Ya 3 ni kituo cha afya. Ya 4 na ya 5 ni hospitali za kaunti. Na ya 6 ni hospitali kuu za taifa, kama ile ya Kenyatta jijini Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 iliiachia Serikali ya Taifa hospitali kuu za rufaa. Nyingine zote ziliwekwa mikononi mwa kaunti 47.

Hospitali kubwa hula fedha nyingi, kwa kuwa ina madaktari bingwa, vyumba vya kupasulia na mitambo ya thamani. Tena huonekana na kila mtu. Lakini mtoto aliyechanjwa asiugue, nani humwona?

Zahanati ikikosa dawa, mama huipita na mwanawe mgongoni, akaenda hospitali ya mbali. Huko hungoja foleni moja na waliovunjika mifupa, na daktari bingwa hutibu homa ambayo muuguzi wa kijijini angaliiweza. Hivyo hasara huwa mara mbili: mama amelipa nauli, na Serikali imelipa zaidi kwa ugonjwa mdogo.

Hata hivyo si haki kuinyima hospitali ili zahanati ishibe. Mzazi atokwaye na damu nyingi huhitaji damu, daktari na chumba cha kupasulia upesi. Zahanati isiyo na hospitali nyuma yake ni kama njia iendayo mtoni pasipo daraja.

Serikali imejaribu njia mbalimbali. Mwaka 2004 malipo yalipunguzwa yakawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya; mwaka 2013 yakaondolewa katika ngazi hizo mbili. Mwaka 2023 sheria mpya ziliweka mfuko wa afya ya msingi kwa ajili ya ngazi za chini, na mfuko wa bima kwa ajili ya hospitali. Sheria nyingine ya mwaka huo iliviruhusu vituo vya umma kutumia mapato yao wenyewe, badala ya kuyapeleka kwanza katika hazina ya kaunti.

Lakini sheria peke yake haijazi kabati la dawa. Wananchi nao wana wajibu: kuanza matibabu katika zahanati ya karibu, na kuhudhuria mikutano ya makadirio ya fedha ya kaunti, waulize zahanati yao imetengewa nini. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.