Picha za Bandarini na Wapagazi wa Ukambani



Mjini Salem, Marekani, kuna jumba la makumbusho la Peabody Essex. Humo zimo picha nyingi za rangi za karne ya 19 zinazoonyesha merikebu za matanga. Wenye meli na manahodha ndio walioagiza picha za aina hiyo. Kwa hiyo kila tanga huonekana wazi, lakini shehena iliyo ndani haionekani, wala watu walioibeba.

Mkaazi wa Kitui au Makueni anahusika vipi? Anahusika kupitia pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa Salem walitia nanga Unguja, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Seyyid Said wa mwaka 1833. Walileta kitambaa cha pamba, kile kilichopewa jina la merikani, wakaondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Connecticut, pembe zilichongwa vitana na vibao vya piano.

Ukambani ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizopeleka pembe Mombasa. Wawindaji walimwangusha ndovu kwa mishale yenye sumu. Wapagazi wakabeba pembe mabegani, wakavuka nyika kavu kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 300. Walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba.

Jina moja limehifadhiwa: Kivoi wa Kitui, kiongozi na mfanyabiashara. Mgeni wake, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Mwaka 1851 msafara wao ulishambuliwa karibu na Mto Tana, na Kivoi akauawa. Krapf alinusurika, akaandika habari hizo. Wapagazi wengi hawakuandikwa na yeyote.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana mwenye simu anaweza leo kumrekodi babu au nyanya. Amuulize: njia ya pwani ilipita wapi? Maji yalichotwa wapi? Katika ukoo, nani alikwenda asirudi? Na shanga kuukuu zikiwepo nyumbani, zisiuzwe kabla historia yake haijaulizwa.

Mwenye meli alimlipa mchoraji. Mpagazi hakuwa na mchoraji, lakini ana vitukuu.