Mkaguzi Aanzie Stoo

Msikilizaji, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu za ofisi za vyuo vya ufundi stadi hazipumziki. Mzazi wa Kahama, wa Newala, wa Mbagala, wote wanauliza mambo yaleyale: ada kiasi gani, bweni lipo, na chuo kimesajiliwa? Akijibiwa kwamba kimesajiliwa, roho inatulia, anaanza kutafuta hela. Leo nataka tulitazame swali hilo la mwisho, kwa sababu jibu lake tumelibebesha mzigo lisiouweza.

Usajili maana yake ni kwamba siku moja watu wa nje walifika, wakakuta majengo, vyoo, walimu wenye sifa na mtaala, wakaridhika. Ni hatua ya lazima, siibezi. Lakini baada ya siku ile walimu wanahama, mashine zinakufa, wanafunzi wanaongezeka. Nani anarudi kutazama? Na akirudi, anatazama nini?

Tumetoka mbali katika jambo hili. Sheria ya mwaka 1994 iliyoianzisha VETA iliipa mamlaka hiyo kazi mbili kwa mpigo: kuendesha vyuo vyake yenyewe, na kusimamia ubora wa vyuo vyote vya ufundi stadi, vikiwemo vya kwake. Mganga hajigangi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, usimamizi ukahamishiwa kwenye lile baraza la elimu ya ufundi lililoanzishwa kwa sheria ya 1997, ambalo sasa tunaliita NACTVET. VETA ikabaki kufundisha. Jirani zetu Kenya walitenganisha mapema kidogo: kwa sheria yao ya 2013, mamlaka moja, TVETA, inavipa vyuo ithibati, na baraza jingine, CDACC, linashughulika na mitaala, upimaji na vyeti.

Kwa hiyo jicho la nje tunalo, na kisheria liko huru. Ombi langu kwa mwenye jicho hilo ni dogo: akifika chuoni, asianzie ofisi ya mkuu. Aanzie stoo.

Nitaeleza kwa nini. Chukua fani ya uchomeleaji. Rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5 inateketea kwa dakika moja hivi. Mwanafunzi akikaa mezani saa moja, anachomelea, anagonga ganda, anasafisha kwa brashi ya waya, anatazama alipokosea, anarudia, rodi zake hazitapungua ishirini. Darasa la vijana 30, kila mmoja akipata saa moja tu kwa wiki, ni rodi 600 kila wiki. Sasa fungua daftari la stoo. Ukikuta zimetoka pakiti chache kwa muhula mzima, umeshapata jibu kabla hujaonyeshwa faili hata moja: mwalimu alichomelea, vijana wakatazama. Wapo vijana wanaomaliza chuo wakiwa wametazama. Wanatoka na cheti, wanafika kwenye karakana ya mtaani, bosi anawapa geti la kuunga, mkono unatetemeka.

Toka stoo, ingia karakana. Sakafu ya karakana inayofanya kazi ina madoa ya mafuta na alama za cheche, na pembeni kuna lundo la vyuma vilivyoungwa vibaya vikakatwa vikaungwa tena. Mashine ya kukereza inayong'aa, rangi haijachubuka kwenye vishikio, ni mashine inayowashwa wakija wageni. Mkaguzi aliyewahi kushika kazi ya karakana atayaona haya kwa dakika tano. Na hapa pana ombi jingine. Kwenye jopo la ukaguzi mtie fundi anayekula kwa ufundi wake, mtu wa gereji, wa kiwanda, wa jikoni hotelini. Msomi wa elimu atapima mtaala vizuri kabisa, lakini fundi ndiye atakayemwambia mwalimu, kwa heshima zote, "Mwalimu, hebu unga hii tuone."

Tena ukaguzi usitangulizwe na barua kila mara. Barua ikitangulia, kuta zinapakwa rangi na zana zinaazimwa chuo cha jirani. Wenye vyuo wanaonisikiliza wanajua ninachosema, na walio waaminifu miongoni mwao ndio wanaoumia zaidi, maana wananunua vifaa kwa jasho halafu wanapewa alama sawa na aliyeazima.

Nasisitiza haya kwa sababu Serikali iliamua kujenga vyuo vya VETA 64, kimoja kwa kila wilaya katika wilaya 63 ambazo hazikuwa nacho, na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Ni uamuzi mkubwa, nimeufurahia. Juu ya hapo, sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali mpaka sekondari. Milango inafunguka kwa kasi. Jengo linahesabika kirahisi, linazinduliwa, linapigwa picha. Umahiri wa kijana haupigwi picha. Anayefanya usukaji wa nyaya za umeme bila kuwahi kushika kipimo, bila kujua kama waya wa ardhini umekamata, kosa lake litagundulika usiku, watu wamelala ndani ya nyumba.

Wapo watakaosema ukali utaua vyuo vidogo, hasa vya taasisi za dini na vya watu binafsi kule ambako Serikali haijafika. Hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana sitaki tathmini ya kufungia tu. Chuo kilichokutwa na upungufu kiambiwe upungufu gani, kipewe muda, kirudiwe. Na tathmini iwafuate wahitimu: mwaka mmoja baada ya cheti, wako wapi, wanafanya fani waliyosomea, aliyewaajiri anasemaje?

Lililobaki ni matokeo yenyewe. Tathmini ya nje ikiishia kati ya baraza na mkuu wa chuo, yule mzazi wa Newala bado anabaki na swali lake moja la usajili. Apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila chuo: fani zipi zina vifaa vya kutosha, kijana anapata saa ngapi za karakana kwa wiki, walimu wangapi wa kila fani, wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi. Ubandikwe kwenye ofisi ya kata, usomwe redioni, nasi hapa tuko tayari kuusoma, kabla mzazi hajalipa ada.